Ujumbe wa Jumatano Usiufute

Iringa

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba mgongo haukusumbui tena. Mimi sijambo, ila kwa baridi ya huku tunavaa masweta mawili na bado meno yanagongana. Mchele wa Madibira unatokaje hapo sokoni Mwanjelwa?

Mama, najua Jumatano ulisoma kwenye simu kwamba mwanao Tupokigwe ametoka nje ya geti la shule. Ulipopiga walikujibu kuwa nipo, lakini hawakukueleza zaidi. Nisamehe kwa hofu ile. Kwa mengine siombi msamaha.

Unamkumbuka Bertha Kalinga, uliyempa ndizi siku ya wazazi? Baba yake naye alipata ujumbe kama huo, ambao mtambo wa geti humtumia mzazi kila kadi ya mwanafunzi inapopitishwa, wakati Bertha alikuwa kanisani pembeni yangu, tunaimba sauti ya pili. Kamati ya nidhamu ikasema ametoroka, kadi haidanganyi. Ijumaa ijayo bodi inakaa kumfukuza.

Madam Mercy wa kompyuta alitufundisha kuwa ndani ya kadi ya geti kuna kompyuta ndogo yenye programu yake, sawa na iliyo kwenye laini ya simu, hata zile laini mpya zinazojengewa ndani ya simu. Kinga yake ni namba ya siri. Kwenye klabu yetu ya kompyuta tukagundua kwamba kadi zote za shule bado zina namba ileile ya majaribio ya kiwandani, ambayo iko wazi mtandaoni. Ni kama mtaa mzima kufunga milango kwa ufunguo mmoja. Mtu akiwa na simu tu, ananakili kadi ya mwenzake. Nani alinakili ya Bertha sijui, na sitamtaja mtu kwa kubahatisha.

Niliieleza kamati. Bwana Rabson, aliyeiuzia shule mtambo huo, alicheka hadi akajipiga paja, akauliza siku hizi mabinti wa Mbeya wanalishwa nini. Mkuu wa shule akaniambia niandike kwamba nilikuwa natania. Nilikataa, Mama, kwa adabu, lakini nilikataa.

Sasa nikwambie ukweli wote. Ujumbe wa Jumatano niliupanga mimi. Nilinakili kadi yangu mwenyewe, ya mtu mwingine sikugusa, nikampa Bertha nakala aipitishe getini. Saa hiyo mimi nilikuwa mbele ya kamati, kadi yangu halisi iko mezani. Mlinzi alipopiga simu kusema mtambo unaonyesha Tupokigwe ametoka, hakuna aliyecheka. Kesho yake Bwana Rabson akadai mtambo ulikwama, akafuta kumbukumbu zote. Nami nikaambiwa nilete mzazi.

Basi njoo, Mama, Ijumaa asubuhi kabla bodi haijakaa. Usije kuniombea radhi. Njoo na simu. Ujumbe ule una tarehe na saa, na Bwana Rabson hawezi kuufikia huko uliko. Wakinifukuza, watanifukuza wakiwa wameusoma.

Nisalimie kaka Asukile. Bibi mwambie ndaga fijo, asante sana, kwa maparachichi, yalifika hayajapondeka.

Ni mimi binti yako, niliye ndani ya geti,

Tupokigwe