Milioni Moja na Moja

Kaloleni, Voi

Kaka yangu mpendwa Donald,

Nakusalimu wewe, wifi Mable na watoto, nikitumaini kwamba baridi ya Nakuru haijawazidi nguvu. Sisi huku tu wazima, na leo neno hilo naliandika bila kusita. Ningekupigia simu, lakini najijua: ningelia tu, nawe ungedhani kuna msiba.

Uliponipigia mara ya mwisho uliniuliza kama Baba bado yumo ndani ya mwili ule, au kiharusi kilimchukua kikatuachia umbo tu. Sikukujibu kwa sababu sikujua. Daktari naye hakujua. Mzee alikuwa anakaa barazani kimya, analishwa, anafutwa mdomo, na wageni wanamzungumzia kana kwamba ni kiti. Hata Mama alikuwa ameanza kusema kwamba mwalimu alipenda hiki na kile, na mwalimu mwenyewe ameketi papo hapo.

Jumamosi treni ya mizigo ilipita, nikaona macho yake yanafuata namba za kontena. Unakumbuka alivyotukalisha pale tukiwa wadogo, tuzigawanye mpaka zigome? Ole wako uropoke kwamba namba ni tasa kabla hujamaliza kuijaribu.

Basi nikamwambia, kwa madaha yote ya ualimu wangu, kwamba nimewafundisha wanafunzi kuwa milioni moja na moja ni namba tasa. Nikamweleza kuwa tatu haiingii, saba haiingii, wala kumi na moja, wala kumi na tatu, kwa hiyo nikafunga kazi. Donald, uso ulivyokunjamana! Nilidhani ni kiharusi kingine. Mdomo ukahangaika, kisha akasema, polepole lakini waziwazi, nijaribu mia moja na moja. Nizikate tarakimu mbilimbili kutoka nyuma, nitoe na kujumlisha kwa zamu, nione kama sitabaki na sifuri. Akaongeza kuwa jibu la kugawanya ni elfu tisa mia tisa na moja, na hiyo ndiyo tasa. Mama alitoka jikoni na mwiko wa kupondea chakula cha kimanga mkononi, akakaa sakafuni akalia, nami nikalia naye.

Sasa nikuambie ukweli. Nilijua. Nilimdanganya baba yetu makusudi, maana mzee yule huvumilia njaa na maumivu, lakini havumilii hesabu iliyoachwa njiani. Nikajiona mjanja kweli.

Jioni nikimvalisha sweta alinishika mkono, akasema hata nikiwa darasa la sita sikukosea kizembe hivyo, nikitaka kuongea naye niongee tu. Akasema amekuwa akitusikia sote, siku zote. Hata swali lako alilisikia, kwani nilikuwa nimeweka simu kwa spika kando yake. Hakukasirika, Donald. Anauliza utakuja lini.

Mama anawasalimu nyote kwa furaha ambayo hamjaisikia mwaka huu.

Dada yako akupendaye,
Wakesho