Meshi za Olga na Sheria Niliyoiandika Mimi

MAELEZO YA SHAHIDI
Bujumbura, tarehe 30 Mei 2024
Shahidi: Bahizire Dieudonné, miaka 71, mwalimu mstaafu, mkimbizi kutoka Kongo tangu 1996, mkazi wa Kinanira.

Dorothée, msusi anayewafuata wateja majumbani, ni jirani yangu. Mwezi wa tatu aliniomba nimwandikie sheria, kwa sababu wateja walimwita kisha hawakuwepo. Niliandika: "Asiyekuwepo saa ya miadi, bila kutoa habari, analipa nusu." Olga wa Kinindo alitia sahihi, akamwachia pakiti sita za meshi, yaani nywele za kuongezea.

Mnamo tarehe 14 na 21 Mei, saa nne asubuhi, Dorothée alikwenda kwa Olga kwa miguu, maana mafuta ya magari yameadimika. Hakumkuta. Tarehe 28 nilimsindikiza, nikitaka kujua miadi inavunjwaje. Tulisimama getini saa nzima na dakika kumi. Mlinzi alisema tu, "Apana, mama, madamu ametoka." Dorothée akarudi nyumbani na meshi za Olga, akamtumia Olga ujumbe kwamba atazitoa akilipwa.

Jana, saa kumi jioni, Olga alikuja kwa Dorothée. Nilikuwa uani kwangu.

"We musuka nywele unajifanya daktari! Nani analipisha mutu juu ya kukosa kusukwa?"

"Daktari anakungojea kwake, dada. Mi nakufuata na miguu yangu."

Olga akaanza kulia. Sikulitegemea hilo. Alisema tarehe 28 alikuwa Gitega, wakimzika mama yake mdogo.

Dorothée aliingia ndani. Alipotoka na meshi mikononi, askari ambao Olga alikuwa ameshawaita walikuwa mlangoni. Walisema amekamatwa na mali ya wizi. Alikuwa anazirudisha. Naomba hilo liandikwe wazi.

Umeniuliza, afande, saa ya mtu inaibiwaje, kwa kuwa Dorothée anasema aliyeibiwa ni yeye. Sijui. Miaka ishirini na minane nimengoja miadi katika ofisi mbalimbali, na kabla ya Dorothée sikuwahi kufikiri kwamba kungoja kuna bei. Ila sheria ile ina kosa: sikukumbuka kilio, yaani msiba. Kosa ni langu niliyeandika, si la msusi.

Hayo ndiyo niliyoyaona na niliyoyaandika, nayathibitisha kwa mkono wangu.

(Sahihi) Bahizire D.

Nyongeza ya afisa: Shahidi aliitwa saa tatu, akafika saa tatu kasoro dakika tano. Maelezo yameanza saa sita na nusu. Amesomewa, amekubali, kisha ameongeza kwenye karatasi ya sheria maneno "isipokuwa akiwa kwenye kilio". Mlalamikaji ameyasoma, amelipia tarehe 14 na 21, amechukua meshi zake na kuondoa mashtaka. Dorothée ameachiwa saa nane. Shahidi ameuliza kama kituo nacho kina sheria ya namna hiyo kwa watu kinaowangojesha.

(Sahihi) Népomuscène, afisa wa polisi