Tumefika Wapi

Jumapili, 4 Mei

Leo Besi amerudi kanisani. Mara ya kwanza tangu homa ya uti wa mgongo imnyang'anye masikio. Nilidhani nitafurahi. Nimechoka tu.

Wanakwaya wenzake walimzunguka mlangoni, wakamshika mabega, wakampigia kelele utadhani yuko ng'ambo ya mto. Jina hilo la Besi ni wao waliompa, kwa ile sauti yake nzito. Wanamwita mpaka leo, na yeye peke yake ndiye asiyejua kwamba ameitwa.

Ndani mambo yakaharibika. Watu wanasimama, mume wangu amekaa. Watu wanakaa, yeye ndiyo kwanza anainuka. Halafu mchungaji akasema tuombe kimyakimya, kila mtu na Mungu wake. Kanisa zima likatulia. Hapo hapo Besi akaniuliza, kwa sauti ile ile aliyokuwa akiagizia mbao karakanani: "Tumefika wapi?"

Mtoto mmoja akacheka. Kisha mama yake. Kisha benchi zima la nyuma. Nikambana paja anyamaze. Akadhani nimemjibu, akasema "Amina."

Nyumbani akavua viatu, akaniambia harudi tena kule mpaka niweze kumwonyesha ibada imefika wapi. Yote anayo kichwani, ameiimba tangu ujana. Kilichopungua ni masikio — na masikio ninayo mimi.

Nikakubali. Sikumwambia kwamba mimi mwenyewe sijui lolote. Wiki nzima nafua shuka za hospitali. Kanisani ndipo ninapopumzisha miguu. Wenzangu wakisimama nasimama, basi. Mahubiri nayajua kwa usingizi wake.

Jumanne, 6 Mei

Mashine moja ya kufulia imegoma. Tumekamua shuka za wodi ya wazazi kwa mikono, mpaka viganja vimejikunja kama vya bibi kizee. Nimefika nyumbani nikiwaza kitanda — kumbe Besi ananingoja mezani na kitabu cha ibada. Mwalimu kabisa! Kalamu sikioni.

Anafundisha kwa sauti ya juu, majirani nao wanasoma bure. Wimbo wa kuingia. Salamu. Halafu ungamo la dhambi: tumekubaliana alama yake ni ngumi kifuani. Mchungaji akitangaza msamaha, kiganja wazi.

Nikamuuliza, midomo polepole aione: tukishasamehewa, mbona tena tunaimba Bwana utuhurumie? Si yamekwisha?

Akafikiri. Akasema ile ya pili si ya kesi. Ni kama mgonjwa hospitalini kwenu: kwanza anafunguliwa mlango, akishaingia ndipo anaeleza panapomuuma. Sasa tumeshaingia, tunaeleza panapotuuma.

Miaka yote nilidhani tunarudia kwa sababu watu wa kanisa wanapenda kurudia.

Masomo, vidole viwili chini ya macho. Kukiri imani, mkono begani. Nilipouliza mahubiri, akalaza shavu kwenye kiganja akafumba macho. Kumbe siku zote alikuwa ananiona! Tumecheka mpaka chai ikapoa. Sikumbuki tulicheka lini mara ya mwisho.

Akamalizia haraka haraka: maombi ya watu wote, sadaka, Meza ya Bwana, baraka. Nimesinzia kabla ya baraka.

Alhamisi, 8 Mei

Jioni alipita shemeji yangu, mdogo wake Besi. Mtaani wanamwita Msumari. Alisimama mlangoni, hakuingia, akauliza hali ya kaka yake. Besi alipomwona akainuka, akaenda chumbani, akaubamiza mlango. Labda hakujua umelia kiasi gani. Labda alijua.

Ni mambo ya Februari. Karakana ya useremala waliachiwa wote wawili na baba yao. Siku moja, baada ya homa, ubao uliruka kwenye msumeno wa umeme. Msumari alipiga kelele, Besi hakusikia, ubao ukampitia karibu na shingo. Kesho yake Besi akaenda kazini akakuta kufuli jipya. Hakuna aliyemwambia neno. Alisimama pale na ufunguo wa zamani mkononi mpaka wapita njia wakaanza kumpa pole.

Huyu hasikii, yule hasemi. Mimi katikati.

Jumapili, 11 Mei

Tumeweza. Ngumi, kiganja, vidole chini ya macho. Besi alisimama na watu, akakaa na watu. Kwenye imani alitangulia kanisa zima nusu mstari, kwa sauti ya kutikisa madirisha, lakini hakuna aliyecheka. Sikulala. Mara ya kwanza nimesikia mahubiri mpaka mwisho. Yalikuwa ya kawaida.

Ila kuna mahali tulikwama. Baada ya maombi ya watu wote mchungaji alisema tupeane amani. Watu wakaanza kugeuka na kushikana mikono. Nikatafuta alama — hatuna! Hakunifundisha. Besi aliona mwenyewe, akawapa mkono wa mbele yetu na wa nyuma. Msumari alitoka upande wa pili akaja hadi kwenye benchi letu. Besi akampa mgongo, akaanza kutafuta ukurasa wa wimbo.

Baadaye akaenda Mezani, akala, akanywa, akarudi. Nami nyuma yake.

Jumatano, 14 Mei

Nimemuuliza leo. Nilikuwa namenya viazi, nikamgusa mkono, nikashika mkono wangu mwenyewe kama wanaosalimiana. Hii je? Mbona uliiruka?

Akajifanya hakuelewa. Nikarudia. Akasema ana usingizi, na jua hata halijazama.

Nikaendelea kumenya. Mwisho akasema mwenyewe, huku anaangalia ukuta. Ile imewekwa pale kwa makusudi, kabla ya Meza. Si salamu ya kupotezea muda. Mwenye neno na ndugu yake alimalize kwanza, ndipo aende kula. Asipolimaliza, asi—

Akaishia hapo. Nilimwona maneno yake yanamrudia. Haya masikio mengine, ya moyoni, hayakupata homa.

Laiti ningemenya viazi vyangu nikanyamaza.

Jumapili, 18 Mei

Besi hakwenda Mezani. Safu yetu ilipoinuka alivuta magoti pembeni nipite. Nikamshika bega. Akatikisa kichwa. Nikaenda peke yangu, watu wote wakiona, na niliporudi alikuwa ameinamisha kichwa kama mtu aliyeachwa kituoni.

Nyumbani hakula. Nikampa mgongo nikafua nguo zake, kana kwamba wiki nzima sikufua vya kutosha.

Alhamisi, 22 Mei

Kazi. Kazi. Msimamizi anasema mashine itatengenezwa wiki ijayo, alisema hivyo na wiki iliyopita. Kitabu cha ibada Besi amekirudisha kabatini.

Jumamosi, 24 Mei

Nimekwenda karakana. Sikumuaga Besi.

Msumari alizima mashine akanipangusia kiti. Nikamwambia kaka yake ameacha Meza. Akakaa juu ya mbao, akashika kichwa. Alisema hajalala vizuri tangu Februari. Akifumba macho anauona ule ubao, na kwenye ndoto hauendi pembeni.

Nikamuuliza kwa nini basi hakumwambia. Kufuli tu, kama mwizi!

"Ningemwambiaje, shemeji? Nimwandikie ubaoni kama mtoto wa chekechea? Yule ndiye aliyenifundisha kushika randa."

Akaniomba nimwambie mimi. Eti mimi namweza, tuna alama zetu.

Hapo nikachoka kweli. Nikamwambia shuka za hospitali nafua mimi, ibada natafsiri mimi, sasa na ndugu wa tumbo moja nao niwasemee? "Utasema mwenyewe," nikamwambia. "Kesho, pale kwenye amani. Hakikisha anakuona midomo."

Akasema sawa.

Jumapili, 25 Mei

Nilimfanya Besi aje. Nilimtolea shati, nikasimama mlangoni mpaka akalivaa.

Kila kitu kilikwenda vizuri hadi kwenye maombi. Mchungaji akasema tupeane amani, nikamshika Besi mkono, akajua. Akainama kutafuta ukurasa. Msumari akaja. Safari hii hakusubiri kupewa mkono. Alimkumbatia kaka yake, akaficha uso begani kwake, akaanza kusema. Midomo yote imezama kwenye shati! Nilimvuta kola, wapi.

Mimi nilisikia. Alisema: "Kaka, nisamehe. Ilinipasa nikwambie. Lakini kufuli sitakufungulia, si kesho wala mwakani. Siwezi kuja kukuzika mimi."

Besi akanitazama juu ya kichwa cha mdogo wake. "Amesema nini?"

Kanisa zima likasikia. Watu wakaacha kusalimiana. Mchungaji yuko Mezani, mkono juu ya mkate, anangoja. Wote wananiangalia mimi.

Nikachukua kiganja cha Besi, nikaandika kwa kidole neno moja. NISAMEHE.

Nilitaka kuendelea. Naapa nilitaka. Lakini alikwisha kufunga kiganja. Alimshika Msumari kichwa kwa mikono miwili, akalia kwa sauti asiyoisikia, na nusu ya kwaya ikalia naye. Tulikwenda Mezani watatu, safu moja. Msumari akanikonyeza jicho lenye machozi: ahsante, shemeji. Anadhani nimeandika yote. Nikapokea mkate nikaumeza.

Sasa ni alasiri. Nimejifungia jikoni naandika. Besi yuko uani, ametoa sanduku la vifaa chini ya kitanda, ananoa patasi moja moja na kuzipaka mafuta. Ananguruma wimbo wa kutokea, chini kabisa, kwenye sauti yake ya zamani. Amekula sahani mbili. Suruali ya kazi ameitundika mwenyewe kwenye kamba ipate hewa.

Nimetoka mara moja hadi mlangoni nikarudi. Nimesema nitamwambia akimaliza patasi. Amemaliza patasi, ameanza randa.

Amekuja mlangoni. Anauliza siku hizi Msumari hufungua karakana saa ngapi. Amesimama hapo, anaangalia midomo yangu.