Profesa Asiye na wa Kumpima

4 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Habari za afya yako? Jana nilikupigia simu, sauti ikatoka kama ya jogoo mwenye mafua, kisha ukakata. Ndiyo maana naandika.

Mimi ni mzima, ila Chama cha Madaktari wa Saratani kinanipasua kichwa. Kinatimiza miaka thelathini, na mimi katibu nimebebeshwa kuandika historia yake. Kamati inataka picha za wakubwa na maneno matamu. Nikiuliza kwa nini kilianzishwa, wanatazamana. Wewe ni mwanzilishi, niambie. Na hiyo sauti imeanza lini?

Binti yako

19 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Sijambo, sauti ni vumbi tu.

Andika hivi. Tulikuwa madaktari sita, tukikutana kwenye korido ya chumba cha mionzi kwa sababu ndipo palipokuwa na benchi. Wa upasuaji alikuwa anakata bila kumuuliza wa mionzi, wa dawa naye anakuja na lake, mgonjwa anarudi nyumbani na majibu matatu. Siku moja tuligombana mpaka muuguzi akatufukuza. Hapo tukaamua: kila mgonjwa ajadiliwe na wote mezani, na daktari mdogo awe huru kumpinga mkubwa. Hilo ndilo lengo la Chama. Mengine ni keki na hotuba.

Baba yako

30 Machi

Baba,

Shikamoo. Asante kwa historia, lakini nimekasirika, acha niseme. Vumbi gani hilo? Nimeulizia, kumbe ni tangu mwaka jana. Mgonjwa wa umri wako angekuja na sauti hiyo, ungempima siku hiyohiyo. Mimi siwezi, ingawa ni daktari; mwiko wa kutibu ndugu mliuweka wenyewe. Nenda kwa mtu, tafadhali. Wataalamu wamejaa, na wote uliwafundisha wewe.

Binti yako

22 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Punguza hasira, nilikwenda. Tatizo ni hilohilo, wote niliwafundisha.

Wa kwanza alinipisha kwenye kiti chake, akaagiza chai. Nikamwambia apitishe kamera kooni. Akacheka kwa aibu: "Profesa, mimi nikupime wewe?" Wa pili akaniuliza mimi mwenyewe naonaje. Nikamjibu, naona unanichelewesha. Akaniandikia dawa ya kusukutua!

Nimechoka. Tulitaka vijana wa kutupinga, tumelea watu wa kuinama. Ngoja nisubiri kidogo, huenda ikapita.

Baba yako

25 Mei

Baba,

Shikamoo. Hapana! "Huenda ikapita" ni maneno ya wagonjwa uliokuwa ukirudi nyumbani umewakasirikia mpaka chakula hakishuki. Nenda usikojulikana. Vaa kofia, sema wewe ni fundi saa. Wale wawili nimewapigia simu, na niliyowaambia hayaandikiki. Naogopa, Baba. Sitaki kuwa na adabu tena.

Binti yako

17 Juni

Mwanangu,

Hujambo? Mimi si mzima, na leo nalisema.

Nilikwenda hospitali ndogo, nikajiandikisha kama fundi saa mstaafu. Daktari ni binti mdogo, hata Chama hajajiunga. "Babu, fungua mdomo. Zaidi. Nimesema zaidi!" Akapitisha kamera, akachukua kipande kidogo cha nyama ya kooni cha kupima. Majibu yalipotoka alinigombeza kama mtoto: "Fundi saa mzima, mbona umechelewa hivi?" Nilitamani kumkumbatia.

Ni saratani, imeanzia kwenye zoloto, kile kisanduku cha sauti kooni, na imefika tezi za shingo. Ningekuja mapema, anasema, mionzi peke yake ingeweza kutosha. Sasa wataondoa kisanduku chote, sauti iondoke nacho, halafu ndiyo mionzi. Amenieleza bila kuzunguka, na nikaona kwamba naweza kupona. Nina hasira na wale vijana, na zaidi nina hasira na mimi niliyewazoesha kusimama nikiingia.

Upasuaji ni Jumatano. Nipigie simu kabla ya hapo, mama, tuongee mpaka uchoke. Sauti ni mbovu, lakini bado ninayo.

Baba yako