Video ya Wanawake Peke Yao

Jumanne, 14 Oktoba 2025

Nimemaliza kuhariri video ya sherehe ya hina ya Haifa, bi harusi. Nilipiga kwa HDR, ule mfumo wa rangi nyingi na mwanga mkali, mara yangu ya kwanza — kiburi tu! Nilitaka dhahabu ing'ae, michoro ya piko ionekane mstari kwa mstari. Ndani ya programu inapendeza. Nikitoa faili — majivu! Nyuso zimepauka, dhahabu kama karatasi ya chokoleti. Nimetoa mara tatu, majivu mara tatu. Na Jumamosi wanawake wote wanakusanyika kwa Bi Time, mamake Haifa, hapahapa Barking, kuitazama.

Jumatano, 15 Oktoba

Yogesh, mhariri mwenzangu tunayegawana naye ofisi, kaniambia nimtumie kipande, kosa ataliona mara moja. Nimtumie nini? Wanawake sitini wamevua mabuibui, wanacheza! Niliwaahidi mmoja mmoja pale mlangoni: hakuna mwanamume atakayeiona. Ndiyo maana walicheza vile. Yogesh mtu mwema, lakini ni mwanamume. Nimekataa. Kacheka, kadhani natania.

Alhamisi, 16 Oktoba

Nimepata! Nilitandika leso yangu nyekundu dirishani, bangili juu yake, nikapiga kwa kamera ileile, nikatoa faili kwa njia ileile. Hiyo ndiyo nikamtumia Yogesh. Kapiga simu baada ya dakika kumi: umepiga HDR, ukahariri HDR, lakini unatoa kwa rangi za kawaida, biti nane. Weka biti kumi, na kwenye sehemu ya rangi chagua HDR. Basi! Kosa la kitoto. Nimetoa upya. Kwenye TV yangu dhahabu inawaka. Nimelia kidogo, wala sioni haya.

Jumamosi, 18 Oktoba. Jikoni kwa Bi Time, saa kumi na moja jioni

TV ya Bi Time ni ya zamani, HDR haiijui. Majivu tena! Sikuuliza ana TV gani — uzembe wangu. Natoa nakala ya rangi za kawaida, safari hii nimezirekebisha kwanza. Laptop inajikokota. Asilimia kumi na moja. Sebule imejaa, na walio wauguzi wana zamu ya usiku, wataanza kuondoka.

Bi Time kaingia. Kasema Sultan, mwanawe, yuko juu, ana kompyuta kubwa ya michezo. Nimpe faili, dakika tano tu atamaliza. Nikasema hapana.

"Mwanangu, Sultan si mgeni. Kaka yake Haifa huyu!"

Nikamwambia Haifa ni dadake, sawa. Na wale wengine je? Kaguna. Kasema watu wakiondoka bila kuona kitu, lawama juu yangu. Na iwe juu yangu. Katoka, namsikia anamwita Sultan ashuke.

Asilimia kumi na sita.

Haifa kaingia sasa hivi. Kavuta kiti, kakiegemeza kwenye mlango, kakaa.