Mashine Isiyomjua Teodora

Jumatatu, 7 Juni 1999

Nimefagia duka, nimemwagia maji vumbi la mlangoni, nimekunja kitenge kinachofunika printa. Deo, mdogo wangu, alifika jana jioni na basi la Dar na leo ameniletea kompyuta kwenye boksi lililofungwa kamba za katani. Anapenda kuonekana amefika. Ile ya zamani ilikufa baada ya Pasaka. Hii ina rangi na kipanya. Nimefurahi, nakiri. Furaha imeishia chai ya saa nne.

Nimetumbukiza disketi yangu. Mafaili yote yametokea na picha ileile ya karatasi tupu. Nikilibonyeza moja, mashine inasema kwa Kiingereza kwamba haijui aina hii, inauliza ilifungue kwa programu gani. Haijui! Mimi nayaandika tangu chama cha ushirika kilipotupunguza kazi nikaja kufungua duka la kuchapa hapa Mfaranyaki.

Mwisho wa jina la kila faili, baada ya nukta, naweka herufi tatu za ukoo. HARUSI.KOM ni ya akina Komba. HARUSI.HAU ni ya akina Haule. Programu ya zamani haikuwa na shida na hilo. Mteja akiingia simuulizi tarehe, namuuliza ukoo. Hapa Songea ndivyo tunavyotafutana.

Deo amecheka mpaka akashika meza. Anasema mwisho wa faili ni wa kuiambia mashine programu, si wa kutambikia mababu. Acheke.

Jumanne, 8 Juni

Deo ameamka mapema kunirahisishia maisha. Bila kuniuliza amenakili disketi nzima kwenye mashine kwa amri moja, kila mwisho ukawa DOC. Akajisifu.

Nikafungua WASIFU.DOC. Ni wa marehemu mzee Haule. Wa akina Komba uko wapi? Wa akina Mapunda? Hakuna. Majina yalifanana, mashine ikamuuliza kama ifunike la kwanza kwa la pili, naye akajibu ndiyo kwa yote. Wamezikana wenyewe kwa wenyewe, akabaki mmoja. Sasa Songea nzima imefariki ikiwa mzee Haule.

Afadhali disketi yenyewe iko salama. Nimeichomoa, nimeifunga kwenye pindo la kanga. Nimekasirika. Cha mchana ajipikie.

Jumatano, 9 Juni

Bibi Teodora wa Matogoro amefariki alfajiri. Sijui niandike nini kwanza.

Mwaka jana alikuja kwa miguu toka Matogoro, mzima wa afya, akataka nimwandikie wasifu wake wa mazishi. Nikashtuka. Akaniambia, "Andika nikiwa hai, mwanangu. Wakiandika wao watanizika mara mbili." Wao ni ndugu za mumewe, na hasa shemeji yake, mzee Lukas Komba. Huyo hupita akisema Teodora aliingia kwao na kikapu tu. Nyumba aliijenga Teodora, akiwa mjane, kwa kupika pombe ya komoni na kuuza. Alitaka abaki nayo Skola, mtoto wa dada yake aliyemlea tangu ananyonya. Alitaka hilo lisomwe kaburini, watu wote wasikie. Akamwambia na mwenyekiti wa jumuiya yetu ya kanisa kwamba usisomwe wasifu mwingine, wake uko kwangu.

Sikuchapa. Utepe wa printa ulikuwa umekauka, naye akasema utunze tu, sifi kesho.

Nilitaka mwisho uwe KOM. Akakataa katakata. Weka jina langu, akasema. Kwa hiyo ni WASIFU.TEO, na hakuna faili lingine lenye mwisho huo.

Mchana Skola amekuja, macho yamevimba. Mzee Lukas ameshamdai funguo. Mazishi ni Ijumaa.

Nimerudisha disketi, nikabonyeza WASIFU.TEO. Mashine ikauliza, ikaleta orodha. Nikachagua programu ya kwanza iliyofanana na kuandika, ile ndogo, nikaweka na tiki kwenye kisanduku cha chini kinachosema itumie hiyo siku zote. Likafunguka takataka. Alama za ajabu, mistari imekatika, jina la Teodora limebanwa katikati kama mtu kwenye msongamano. Nikafunga, nikafungua tena. Haiulizi tena! Inaleta takataka moja kwa moja, kwa kuwa mimi ndiye niliyeiambia siku zote.

Saa tisa umeme ukakatika. Mgao. Nimelia, kwa hasira. Huzuni itasubiri zamu yake.

Alhamisi, 10 Juni

Umeme umerudi saa tatu. Deo anasema tubadili mwisho wa hili moja tu, liwe DOC, litafunguka tumalize. Najua litafunguka. Nimekataa.

Ukaidi, ndiyo. Mama wa watu alikataa jina la ukoo wa mume akiwa na akili zake timamu. Leo amelala mochwari ndiyo nimbandike jina la programu? Mashine ndiyo mgeni hapa. Mgeni hujifunza majina ya wenyeji.

Deo amenitazama kama hanijui. Halafu akavuta kiti. Akaniambia nishikilie Shift na kubonyeza kitufe cha kulia cha kipanya. Lile swali likarudi! Safari hii nikachagua programu kubwa ya kuandikia. Ikafikiri, ikauliza kama igeuze maandishi ya zamani, nikasema ndiyo. Maneno yakatoka safi, ya Teodora mwenyewe, hata nikamsikia. Nikaweka tiki upya.

Deo alisoma mpaka mwisho. Kisha akabadilisha utepe wa printa mwenyewe. Nimempikia.

Jioni nimeifundisha mashine KOM, HAU, MAP. Kila mmoja na wake.

Ijumaa, 11 Juni

Tumemzika.

Mzee Lukas alisimama na karatasi yake. Mwenyekiti akamwambia marehemu ameacha wasifu wake. Mzee akauliza nani anasema ni wa kwake. Nikasimama. Nikasema ni mimi niliyeuandika, yeye akitamka.

Mwenyekiti akasoma. Alipofika mahali pale alipunguza mwendo. "Nyumba niliijenga mimi kwa komoni, tofali kwa tofali. Ni ya Skolastika. Mwenye neno aseme sasa, kabla sijashuka shimoni."

Jeneza lilikuwa bado juu. Mzee Lukas alikunja karatasi yake akaitia mfukoni mwa koti.

Baadaye nilimwamkia shikamoo. Aliitikia marahaba akitazama mlimani. Skola alifungua mlango wa nyumba yake kwa mkono wake, tukaingia kula.

Jumatatu, 14 Juni

Baridi. Deo ameondoka na basi la alfajiri. Nimefagia, nimemwagia maji vumbi.

Amekuja Mama Benigna, mke wa mzee Lukas. Alikaa kwenye benchi mpaka wateja walipokwisha. Nilidhani ametumwa kunisema. Akavua kitambaa cha kichwa, akakifunga tena, akasema anataka na yeye aandikiwe.

Nikamuuliza mwisho niweke KOM. Akatikisa kichwa.

Ameongea mpaka adhana ya mchana. Mengine sikuyajua, na nimekaa naye jumuiya moja miaka yote hii. Nimehifadhi WASIFU.BEN. Nilipojaribu kulifungua, mashine ikauliza, haijui. Mama Benigna akaniangalia kwa hofu. Nikamwambia hiyo huuliza mara moja tu. Nikaionyesha programu, nikaweka tiki.