Mukate Moja Juu ya Tanuru

Samedi, magaribi

Leo tena Papa Didier amekamata mukate yetu moja. Ni yeye anashikaka ufunguo ya tanuru ya kartier, ile bantu bote ba hapa Anderlecht tunapikiaka mikate. Kila samedi, tukimaliza kupika, anabakisha mukate moja ya kila familia. Anasema ni ya tanuru. Donc tanuru nayo inakulaka mikate?

Juma hii nilisoma kwa internet kama zamani, huku Ulaya, seigneur, ule tajiri mwenye udongo, alikatazaka bantu kujenga tanuru kwabo. Bote balipika kwa tanuru yake, na yeye anabakia na mukate. Niliruka kwa kitanda, juu Papa Didier naye alinikataza kujenga katanuru kangu nyuma ya nyumba. Eti moshi itasumbua jirani.

Basi leo nikamuuliza mbele ya bamaman bote: "Papa, ile mikate yetu inaendaka wapi?"

Akaniangalia pole pole. "Mutoto, nani anaamukaka saa kumi ya usiku juu ya kuwasha moto? Wewe?"

Maman Béa akacheka. "Huyu? Saa ile angali analota."

"Bon," Papa akasema, "samedi ijayo utawasha wewe. Na ile mikate utakamata wewe." Akanipa ufunguo.

Nikautia mufukoni.

Sasa niko nawaza. Labda bale maseigneur nabo balifanyaka vile: ule mwenye kuuliza sana unamupa ufunguo, hatauliza tena. Kesho asubui nitamurudishia ufunguo yake.

Ao nitamurudishia kisha samedi. Mikate ya Maman Béa iko mizuri sana, na samedi moja yake itakuwa yangu.